Mwenye Kanuni na Wachezaji: Somo la Mfongo, Kahawa na Mangi Mkuu

Jioni moja mjini Moshi niliwakuta wanafunzi watano wamezunguka meza. Juu ya meza palikuwa na karatasi, penseli na dadu zenye pembe nyingi kuliko zile tulizozoea kwenye ludo. Walikuwa wakicheza mchezo wa kuigiza wahusika: kila mmoja ana mhusika wake katika hadithi moja, na hadithi hiyo hutungwa kwa maneno ya wachezaji na bahati ya dadu. Watu wanne waliigiza. Wa tano hakuwa na mhusika. Yeye alikuwa msimamizi: alieleza mandhari, akasema kwa sauti za maadui na wapita njia, na palipotokea shaka ndiye aliyeamua.

Nilifika wakati wa ugomvi. Mchezaji mmoja alitaka kuvuka mto, na kitabu cha kanuni kilimruhusu. Msimamizi akasema mto umefurika, havuki mtu. Mchezaji akafungua kitabu, akaonyesha ukurasa. Msimamizi akajibu: "Kitabu ni chenu, meza ni yangu." Hapo binti aliyekuwa kimya tangu mwanzo akauliza swali ambalo sijaweza kulisahau: "Mamlaka hayo tulikupa lini, na tulikupa mpaka wapi?"

Ndugu msomaji, usidhani nimeacha siasa na historia nikahamia kwenye michezo ya vijana. Swali la binti yule ndilo swali kongwe kuliko yote katika elimu ya utawala. Anayesimamia kanuni amewekwa na nani? Anaweza kuzitafsiri mpaka kiwango gani kabla hajaanza kutunga zake? Je, anaweza kuzibadili mchezo ukiendelea, au hata baada ya mchezo kwisha? Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro swali hili limeulizwa kwa maji, kwa kahawa na kwa kiti cha utawala. Wahenga walilifupisha kwa maneno machache: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kitabu au mtu

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe, kwa kuwa historia yake ina mafunzo. Mwaka 1824 ofisa mmoja kijana wa jeshi la Prusia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Pande mbili zilipigana bila kuonana vizuri, na katikati alikaa mwamuzi. Mwamuzi alipokea amri za pande zote, akazipima kwa majedwali na dadu, kisha akatangaza nani amesonga na nani ameanguka. Kazi yake ilikuwa kubwa lakini mikono yake ilifungwa na majedwali.

Miaka ilivyopita, maofisa walilalamika kwamba majedwali yamekuwa mzigo. Mwaka 1876 Jenerali Verdy du Vernois akapendekeza njia nyingine: majedwali yawekwe kando, na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa akili yake. Mchezo ukawa mwepesi na wa haraka, na kila kitu kikategemea sifa za mtu mmoja.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotokana na michezo ya vita ya namna hiyo. Nao wakamweka mtu mmoja mezani ambaye si mshindani, mwenye kauli ya mwisho. Tangu hapo wachezaji wake duniani wanabishana jambo lile lile: je, kanuni ni za kitabu au za msimamizi?

Kila upande una hoja. Hakuna kitabu kinachoweza kuona mbele mambo yote. Mchezaji atafanya jambo ambalo mtunzi hakuliwaza, na bila mtu wa kuamua mchezo utakwama. Kwa upande wa pili, mchezaji hupanga hatua zake akitegemea kanuni anazozijua. Zikibadilika kila anapokaribia kushinda, hachezi tena, anachezewa. Msimamizi bora, kwa hiyo, hutakiwa kuamua bila kujipendelea na kubadili bila kuvizia. Ni rahisi kulisema hili, lakini kulitenda ni kazi, kama watu wa mlimani walivyojua kabla ya dadu hizo kufika.

Mwenye mfongo

Anayepanda kutoka mjini Moshi kuelekea Kibosho, Old Moshi au Marangu huona vihamba vya migomba na kahawa vimefuatana kwenye migongo ya vilima, na mito imezama chini katika mabonde. Maji yako chini, shamba liko juu. Jawabu la mababu lilikuwa mfongo: mfereji unaoanzia juu kabisa, karibu na msitu, ambako mto na ardhi viko karibu kulingana, kisha ukapita ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo mno hadi kwenye makazi. Ulichimbwa kwa zana za mkono na kupimwa kwa macho. Wageni wa Ulaya wa karne ya 19 waliofika huku, akiwemo Harry Johnston mwaka 1884, walistaajabia kazi hiyo.

Kazi hiyo ilihitaji msimamizi, naye aliitwa meni mfongo. Mara nyingi alitoka katika ukoo wa yule aliyeuanzisha mfereji, ingawa ukoo peke yake haukutosha ikiwa hana uwezo. Yeye aliita watu kwenye msaragambo wa kusafisha na kutengeneza mfereji. Yeye alipanga zamu: leo maji yaende kwa nani, kesho kwa nani, na bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku lifunguliwe lini. Asiyekuja kwenye kazi alitozwa faini, pengine ya mbege, au alikosa zamu yake. Aliyeiba maji usiku aliitwa mbele ya wenzake.

Hakuwa na kitabu. Kanuni zilikaa katika kumbukumbu za watu, na katika mwaka wa ukame alilazimika kuamua mambo ambayo kumbukumbu hizo hazikuyajibu. Nani apate maji kwanza: mwenye ulezi unaokaribia kukauka au mwenye migomba michanga? Kwa maneno ya wanafunzi wangu, alikuwa na meza yake. Kwa nini basi hakugeuka mfalme mdogo wa maji?

Naona sababu nne. Ya kwanza, maji yanaonekana. Mfereji ukipita mbele ya nyumba yako mkavu siku ya zamu yako, huhitaji ripoti ya mkaguzi. Ya pili, meni mfongo mwenyewe alikuwa na kihamba kwenye mfereji ule ule, hivyo kanuni aliyoitamka ilimrudia. Ya tatu, nguvu kazi yake ilikuwa watumiaji wenyewe. Wakikataa kubeba majembe kwa msimu mmoja, udongo na majani vitaziba mfereji, na cheo chake kitakauka pamoja nao. Ya nne, maamuzi magumu yalizungumzwa kikaoni, mbele ya wazee waliokumbuka ukame uliopita na uamuzi uliofanywa wakati ule.

Lakini tusiipambe historia. Wanawake ndio waliobeba maji ya nyumbani asubuhi na jioni, na kwa kawaida hawakuwa na sauti kwenye vikao vya mfongo. Aliyehamia bila ukoo wenye haki ya mfereji alisubiri huruma ya wengine. Nao mamangi, walipopata nguvu, hawakuona vigumu kuingilia. Meza ilikuwa na kanuni nzuri kwa waliokaa mezani. Somo la kwanza ni hilo lenye pande mbili: mamlaka ya msimamizi hudhibitiwa vizuri pale anapoishi chini ya uamuzi wake mwenyewe, na udhibiti huo huwafaa wale tu waliohesabiwa kuwa wachezaji.

Mila ilipoingizwa kitabuni

Utawala wa kikoloni ulibadili meza yenyewe. Wajerumani waliuvunja uhuru wa mamangi kwa bunduki, na mwezi Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine. Waliobaki walijua sasa kwamba kuna msimamizi juu ya wasimamizi. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na lugha laini zaidi: utawala kupitia wenyeji wenyewe. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri na kutunga kanuni, chini ya jicho la ofisa wa wilaya.

Tazama kilichotokea kwa cheo cha mangi. Mtu mmoja akawa anatunga kanuni, anasimamia ukusanyaji wa kodi, anaketi barazani kuhukumu waliovunja kanuni, na analipwa mshahara na serikali. Zamani, watu waliomchoka mangi waliweza kuhamia kwa jirani yake au kumuunga mkono ndugu yake. Sasa nyuma ya kiti chake palikuwa na dola isiyohamishika.

Mwaka huo huo wa 1926 Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi miaka mingi Old Moshi, alichapisha kwa Kijerumani kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga. Kazi yake ni hazina. Hata hivyo mila iliyoandikwa si mila ile ile iliyosemwa. Miaka sitini baadaye, mwaka 1986, mwanaanthropolojia Sally Falk Moore alitoa kitabu juu ya sheria za mila Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, akaonyesha kwamba kile kilichoitwa mila ya tangu zamani kilikuwa kikibadilika siku zote, na kwamba jina la mila lilificha mabadiliko hayo.

Hapa ndipo penye ujanja ambao kila mwanafunzi wa siasa anapaswa kuutambua. Msimamizi anayesema "nimeamua hivi" anaweza kuulizwa sababu. Msimamizi anayesema "hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote" amejificha nyuma ya wafu. Uamuzi ni wake, na lawama amewapa mababu.

Kahawa ya hiari isiyo ya hiari

Kahawa ndiyo iliyoleta jaribio la kwanza kubwa. Wakulima Wachagga walipoanza kustawisha kahawa kwa wingi, walitiwa moyo na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza mjini Moshi, na walipingwa na masetla waliotaka zao hilo libaki mikononi mwa Wazungu. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Kilikuwa chama cha kupambana na magonjwa ya mibuni na kutafuta soko, lakini pia kilikuwa mahali ambapo watu wa himaya mbalimbali za mamangi walikutana kuzungumza bila mamangi. Jambo hilo halikuwafurahisha wakubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chama hicho kikaondoka, na mahali pake pakawa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, chini ya sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1932. Ushirika ni mchezo wa hiari: unaingia kwa kukubali kanuni, na kanuni zikikuchosha unatoka. Lakini mamangi, kwa mamlaka waliyopewa na sheria na kwa ushauri wa serikali, walitoa kanuni kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU. Asiye mwanachama naye alifungwa na kanuni za chama asichojiunga nacho.

Serikali ilikuwa na hoja. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka, na chama kinachouza kwa pamoja kina nguvu kuliko mkulima mmoja mwenye gunia moja mbele ya mfanyabiashara. Mkulima naye alikuwa na hoja: mibuni ni yangu, nimepalilia mimi, na yule aliyenilazimisha ni mangi ambaye sikumchagua, katika chama ambacho sikuapa kukitii. Mwaka 1937 hasira hiyo ikalipuka. Yalizuka machafuko sehemu mbalimbali za mlima, mali za chama zikashambuliwa, na serikali ikajibu kwa nguvu. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa vinara wakahamishwa mbali na nyumbani.

Ajabu ya historia ni kwamba KNCU hatimaye ikawa moja ya vyama vya ushirika vilivyosifika sana Afrika, na katika miaka ya 1950 bei nzuri ya kahawa ilijenga shule, zahanati na nyumba za bati mlima mzima. Kanuni iliyolazimishwa katika miaka ya 1930 haikuwa lazima kanuni mbaya. Kosa halikuwa katika kuuza pamoja. Lilikuwa katika njia. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya na alikumbuke hili kila anapoandaa waraka wenye nia njema: watu wanaweza kupinga mwaka huu jambo ambalo watoto wao watalitetea, kwa sababu tu hawakuulizwa.

Mangi Mkuu: aliyewekwa kwa kura

Mwaka 1946 serikali iliugawa mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya mamangi wa kila sehemu ikamweka mkubwa aliyeitwa mwitori. Kwa watu wengi ilikuwa ngazi nyingine ya wakubwa wasiochaguliwa. Petro Njau, pamoja na Joseph Merinyo yule yule wa chama cha wakulima, wakaongoza Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Dai lao lilikuwa rahisi kulieleza: Wachagga wawe na kiongozi mmoja, na wamchague wenyewe.

Walilipata. Mwaka 1951 wananchi walipiga kura, na Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, kijana aliyesoma Uingereza, akawashinda wakubwa wa zamani. Mwanzoni mwa 1952 aliwekwa rasmi kuwa Mangi Mkuu. Kwa miaka kadhaa jina lake lilikuwa fahari ya mlima. Kulikuwa na bendera, sikukuu ya Wachagga, gazeti la *Komkya*, na mwanahistoria Kathleen Stahl alipewa nafasi ya kuandika historia ya watu hawa, kitabu kilichotoka mwaka 1964. Marealle alijua kwamba utawala huhitaji hadithi, na alikuwa msimuliaji hodari.

Hapo ndipo palipoanza shida. Cheo kilitoka kwenye kura, lakini mavazi yake yalikuwa ya enzi. Je, Mangi Mkuu alikuwa rais aliyechaguliwa au mfalme aliyethibitishwa? Je, kura ile ilikuwa ya muda au ya maisha? Swali ambalo halikufungwa vizuri mwanzoni, wakati wote walipokuwa na furaha, lilirudi na makali mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati TANU ilipokuwa ikiifundisha nchi nzima lugha ya uchaguzi na ukomo wa madaraka. Wapinzani wakaunda Chagga Democratic Party, na Solomon Eliufoo, mwalimu na mwanasiasa wa TANU, akawa mbele yao. Walisema msimamizi wa meza ameanza kujiona kuwa ndiye meza.

Kilichofuata kinastahili kufundishwa katika kila darasa la uraia. Mwanzoni mwa 1960 suala lenyewe lilirudishwa kwa wananchi kwa kura: waendelee na Mangi Mkuu, au wawe na rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu? Wengi walichagua rais. Kiti cha Mangi Mkuu kikaondoka bila risasi, na Eliufoo akawa Rais wa Wachagga.

Pima mambo mawili hapa. Kwanza, watu wale wale waliokipandisha kiti kile kwa kura ndio waliokishusha kwa kura. Swali la binti mezani, "tulikupa lini, na mpaka wapi?", lilipata jibu kutoka kwa wenye haki ya kulijibu. Pili, Marealle hakushindwa kwa sababu alitawala vibaya. Hata wapinzani wake hawakuweza kukana alichokijenga. Alishindwa kwa sababu mipaka ya mamlaka yake haikuwekwa wazi siku alipoyapokea, na penye ukimya kila upande ulisoma ilichopenda.

Kanuni baada ya mchezo

Laiti hadithi ingeishia hapo. Marealle aliona kwamba ameondolewa kwenye ajira aliyokuwa na haki nayo, akaishtaki halmashauri ya wilaya ya Kilimanjaro. Mahakama Kuu ikampa fidia. Mwaka 1963, mwaka ambao serikali huru ilifuta vyeo vya machifu nchini, Bunge likatunga pia sheria ya kuzima madai ya namna hiyo ya machifu walioondolewa. Alichokishinda mahakamani kikafutwa bungeni.

Mimi si mtetezi wa utawala wa kurithi. Hoja ya Mwalimu Nyerere na wenzake, kwamba taifa la raia walio sawa haliwezi kujengwa juu ya vyeo vya damu, naikubali bila shida. Ninachokitazama ni njia. Kufuta cheo kwa ajili ya siku zijazo ni kubadili kanuni. Kufuta haki ambayo hakimu amekwisha kuitamka ni kurudisha dadu nyuma baada ya kuanguka. Mezani tungeita huo ni udanganyifu, hata kama anayedhulumiwa hatumpendi. Tena hasa tusipompenda, kwa kuwa kanuni inayowalinda tunaowapenda peke yao ni upendeleo uliovaa joho.

Miaka 13 baadaye jambo la aina hiyo liliigusa kahawa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU ikiwemo, na mazao yakauzwa kupitia mamlaka za serikali. Chama kilichowahi kulazimishwa kwa wakulima katika miaka ya 1930 sasa kilivunjwa bila wao kuulizwa. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini aliyewahi kuvunjiwa nyumba hulala kwa jicho moja hata akijengewa nyingine. Wakulima wazee wa mlimani wanapousikia ujumbe wa "mageuzi ya ushirika" leo, wanasikiliza kama wachezaji waliokwisha kubadilishiwa kanuni mara mbili.

Na mfongo? Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ni mali ya umma, na mtumiaji anahitaji haki iliyosajiliwa. Bodi ya Bonde la Pangani ikaanzishwa mwaka 1991, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka utaratibu wa vibali na vyama vya watumia maji. Hoja yake ni ya kweli, kwa sababu meni mfongo hakuwa na macho ya kumwona mkulima wa mpunga tambarare au mitambo ya umeme iliyo mbali mtoni. Mto mmoja wenye wachezaji wengi unahitaji msimamizi anayeuona mto mzima. Lakini ofisi iliyo mbali haina kihamba kwenye mfereji. Faida zile nne nilizozitaja awali, hasa ile ya msimamizi kuishi chini ya uamuzi wake, hupungua kila meza inapohama kutoka kilimani kwenda mjini. Anayezichukua kazi za meni mfongo hana budi kutafuta namna nyingine ya kubanwa: takwimu zilizo wazi, vikao vinavyoandikwa, na rufaa ambayo mama mwenye ndoo anaweza kuifikia.

Turudi mezani

Taifa letu nalo limewahi kukwama kwenye swali hili. Bunge Maalum la Katiba lilipoanza mwaka 2014, wiki zake za mwanzo zilikwenda kwenye mabishano ya kanuni: kura iwe ya siri au ya wazi? Wengi waliona ni kupoteza muda. Mimi naona ndicho kilichokuwa kiini cha jambo lote. Waliobishana walijua kwamba anayeshika kanuni za kikao ameshika nusu ya matokeo. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilibadilishwa, baadhi ya wajumbe wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Hatukushindwa kwa kukosa maneno mazuri ya kuandika. Tulishindwa kukubaliana nani ni msimamizi na nani ni mchezaji, na baadhi walitaka kuwa vyote viwili.

Katika safari hii ya mlimani nachukua vipimo vichache ambavyo mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma wanaweza kuvitumia kesho asubuhi. Anayesimamia kanuni asiwe na mhusika wake kwenye mchezo. Akiwa naye, uamuzi unaomhusu uende kwa mwingine. Mipaka ya mamlaka yake itamkwe siku ya furaha, kabla ya siku ya ugomvi. Anapolazimika kuamua jambo ambalo kitabu hakikuliona, aseme wazi kwamba ameamua yeye, asijifiche nyuma ya mababu wala nyuma ya "maelekezo kutoka juu". Mabadiliko yatazame mbele, yasirudi nyuma kumnyang'anya mtu alichokwisha kukipata kwa haki. Na siku zote kuwe na njia ya amani ya kumwinua msimamizi kutoka kitini, kama Wachagga walivyofanya mwaka 1960.

Wanafunzi wale watano hawakuvunja meza yao. Baada ya ukimya mrefu msimamizi alisema mto ubaki umefurika kwa usiku ule, maana hadithi ilikwisha kufika hapo, na mhusika wa mwenzake asipoteze chochote kwa kuwa alipanga kwa kuamini kitabu. Kisha binti yule akachukua karatasi tupu, akaandika juu yake neno "Makubaliano", na wote wakaanza kusema: msimamizi anaweza kubadili nini peke yake, nini lazima aulize kwanza, na nani ataketi kwenye kiti chake mwezi ujao. Niliondoka wakiwa wamefika kifungu cha tatu, na dadu zimewekwa kando.